Wacheni Kututukana kwa Treni ya Shanghai

Kila baada ya wiki mbili hivi lazima ile video irudi. Mnaijua. Mkenya ameketi ndani ya treni ya sumaku ya Shanghai, ile inayoenda uwanja wa ndege wa Pudong, na kamera ameielekeza juu ya mlango pale panapoonyeshwa mwendo. Namba zinapanda: 90, 170, 250, 300. Anageuza simu, macho yamemtoka, na maandishi yanatokea: "Kenya tutafika huku lini?" Ukishuka kwa komenti ni mazishi. Mmoja anasema sisi tumelaaniwa. Mwingine anasema Mwafrika ukimpa reli atauza vyuma. Wa tatu anauliza viza ya China ni pesa ngapi.

Mimi hii maneno imenichosha. Na kabla hujaniambia ni wivu, hiyo treni nimeipanda. Tiketi nilinunua mwenyewe, mabegi nilibeba mwenyewe, na hizo namba juu ya mlango niliziona kwa macho yangu. Kwa hivyo naongea nikijua: hiyo video inadanganya. Namba zenyewe ni za kweli. Uongo uko pale inapoanzia na pale inapokatwa.

Nianze na inapoanzia. China nilienda kama mshika simu. Shangazi yangu ana duka la mabegi pale Nyamakima, na huenda Yiwu kuchagua mali. Safari hii alitaka mtu wa kuandamana naye, kwa sababu kule bila simu hata chai hunywi: kulipa ni simu, tiketi ni simu, kubishana bei na mwenye duka ni simu inatafsiri. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na simu ndiyo ofisi yangu, basi akaona mtoto wa kaka yake hatimaye ana matumizi. Akalipa nauli.

Kutoka Yiwu tulipanda treni ya mwendo kasi hadi stesheni ya Hongqiao, Shanghai. Hiyo ni ya kawaida, magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma. Nayo huonyesha mwendo wake ndani ya behewa. Ilipokaribia 300 niliangalia kando: Anti amelala, mdomo wazi. Mzee mmoja anakula mbegu za alizeti. Hakuna aliyetoa simu. Reli ya aina hiyo China wamejenga zaidi ya kilomita 45,000, na ndiyo inabeba mtu anayeenda mazishi, anayeenda mtihani, anayeenda kununua mabegi. Hakuna Mkenya ameniwekea video yake hata siku moja.

Hongqiao tukaingia metro, Laini ya 2. Hii Laini ya 2 ishike vizuri kichwani. Inakata jiji kutoka magharibi hadi mashariki, inapita People's Square, inazama chini ya mto Huangpu, inatokea Lujiazui pale penye yale maghorofa ya postikadi, kisha inafika Longyang Road. Longyang Road ndipo treni ya sumaku inapoanzia, kwa hivyo watu wa kamera hushuka hapo. Lakini Laini ya 2 yenyewe haiishii hapo. Inaendelea hadi eapoti ya Pudong. Eapoti ile ile.

Umenipata? Umeketi kwenye metro, eapoti iko mbele kwenye laini hiyo hiyo, na wewe unashuka. Unatoka na mizigo, unapanda ngazi, unanunua tiketi nyingine ya yuan 50, ama 40 ukionyesha tiketi ya ndege ya siku hiyo. Unapitisha mabegi kwa mashine ya ukaguzi. Unangoja treni ije. Ndipo unaelea. Yuan 50 ni kama shilingi 900 zetu. Metro kutoka upande ule mwingine wa jiji hadi kwenye ndege haifiki hata yuan 10.

Ukiangalia saa ni kweli unaokoa muda: kutoka Longyang Road metro huchukua kama dakika 40, treni ya sumaku ni dakika 8. Sasa toa ngazi, toa foleni ya tiketi, toa kungoja. Sisi tuliokoa kama dakika ishirini hivi. Siyo haba. Lakini pia huanza kutembea kama saa moja asubuhi na hufungwa kabla ya saa nne usiku, kwa hivyo mwenye ndege ya alfajiri atatafuta njia nyingine.

Sikatai, nilitaka kuipanda. Kazi yangu ni kupanda vitu kama hivi. Anti alikubali kwa sharti kwamba mabegi yote nibebe mimi.

Na ni tamu, wacha niseme ukweli. Inaondoka kama lifti ambayo imeamua kwenda kando badala ya juu. Hakuna ule mlio wa chuma. Barabara kuu iko chini yako na magari yanaonekana yameegeshwa, kumbe yanatembea. Inatikisika kuliko vile ungedhani kitu kinachoelea kinaweza kutikisika. Katikati ya safari treni ya upande wa pili ilitupita na sikuiona kabisa. Nilisikia tu pwaa dirishani, na Anti akakumbatia mkoba wake. Kisha namba zikaanza kushuka. Imeisha.

Tukiwa tumesimama pale chini na mabegi, Anti akaniuliza, "Ndege yetu ni saa ngapi?"

"Bado masaa manne, Anti."

Akaniangalia, akaangalia treni. "Kwa hivyo tumelipa tukimbie kuja kukaa."

Tukakaa.

Hapo ndipo video zote hukatwa, na hapo ndipo hadithi inanoga. Nimesoma sana kuhusu hii treni tangu nirudi, na mambo niliyokuta si siri. Iko wazi kwa yeyote mwenye bando.

Laini hiyo ilizinduliwa siku ya mwisho ya 2002. Ndani walikuwa Waziri Mkuu wa China wa wakati huo, Zhu Rongji, na Kansela wa Ujerumani, Gerhard Schröder. Kwa nini Mjerumani? Kwa sababu teknolojia ni yao, inaitwa Transrapid. Watu wa kawaida walianza kuipanda 2004. Ni kilomita 30, na iligharimu takriban yuan bilioni 10. Kwa miaka mingi ilikimbia 431 kwa saa, lakini kwa kilomita 30 mwendo wa kilele ulidumu kama dakika moja tu. Ukishaushika, unaanza kufunga breki. Na tangu 2021 wameishusha hadi 300. Yaani leo inakimbia sawa na ile ambayo Anti alilala ndani yake.

Mtu atauliza mbona ni ghali hivyo. Mimi si injinia, lakini hii haihitaji digrii. Hiyo treni haina magurudumu ya kuibeba. Behewa linakumbatia reli kutoka pande zote mbili, na sumaku za umeme zilizo upande wa chini zinajivuta juu kuelekea reli, zikiacha nafasi ya kama milimita 10 ambayo kompyuta zinailinda muda wote. Injini pia haiko ndani ya treni. Imelazwa ndani ya reli, kutoka mwanzo hadi mwisho. Expressway yetu kutoka Mlolongo hadi Westlands ni kilomita 27. Sasa fikiria barabara hiyo yote, kila mita, ni injini. Na ukishaijenga, hakuna treni nyingine yoyote ya nchi inaweza kupita juu yake. Haiungani na kitu.

Pale Nyamakima mali nzuri hujulikana kwa jambo moja: mteja amerudi? Anti hana habari na mtu aliyesifu begi. Anataka kujua kama alikuja kuchukua dazeni ya pili.

Shanghai hawakurudi. Tangu 2004 hawajaongeza hiyo laini hata kilomita moja. Kulikuwa na mpango wa kuifikisha hadi Hangzhou. Januari 2008 wakazi wa Shanghai wakatoka barabarani kwa mamia, wakisema wanatembea tu, kupinga treni hiyo kupita karibu na nyumba zao. Mpango ukalala. Mwaka wa 2010 Shanghai na Hangzhou wakaunganishwa kwa reli ya mwendo kasi ya magurudumu. Na jiji lenyewe likaendelea kuchimba metro mpaka sasa ina zaidi ya kilomita 800 na inabeba takriban watu milioni 10 kwa siku. Hao ndio watu mnaotuambia tuige. Mimi nasema sawa, tuwaige. Tuige walichonunua mara ya pili, ya tatu na ya ishirini.

Na Wajerumani wenyewe? Walitaka kujenga moja kutoka stesheni kuu ya Munich hadi uwanja wa ndege, dakika kumi tu. Bei ilikuwa kama euro bilioni 1.85, kisha hesabu mpya ikaja ikapita bilioni 3, na Machi 2008 wakaifuta. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Septemba 2006, treni ya majaribio ilikuwa imegonga gari la matengenezo huko Lathen na watu 23 wakafa. Nchi iliyobuni hicho kitu haina laini yake ya kibiashara mpaka leo. Walikiuza, wakabaki na treni zao za magurudumu.

Hebu endelea kuzunguka dunia. Birmingham, Uingereza, walikuwa na treni ya sumaku ya kupeleka watu eapoti tangu 1984, ya mita 600, mwendo wa baiskeli nzuri. Ilifungwa 1995. Incheon, Korea Kusini, walifungua yao 2016, kilomita 6, kupanda bure. Bure! Na bado 2022 ikasimama. Changsha ndiyo imesimama vizuri: ilifunguliwa 2016, kilomita 18 na nusu kutoka stesheni ya treni hadi eapoti, tena polepole, kilomita 100 kwa saa ilipoanza. Wafanyabiashara wetu wanaijua Changsha, ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi ilianza 2019. Lakini hata huko, 2022 walileta metro ya kawaida hadi eapoti hiyo hiyo.

Japani ndio wana sababu ya maana. Yao ya majaribio iligonga 603 kwa saa Aprili 2015, na laini wanayojenga ni ya kutoka Tokyo hadi Nagoya, miji miwili mikubwa yenye umbali wa kutosha treni ikolee. Hata hivyo wamechelewa miaka, na hawajamaliza. Na hawajaijenga ili watu wakimbie kwenda kungoja ndege.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hasira yangu haiko Shanghai.

Hiyo video ikisambaa, kuna watu wengine wanaiangalia ambao hawaandiki komenti. Wanasiasa. Wanajifunza kwamba kijana wa Kenya ukimwonyesha kitu kinachong'aa na namba kubwa, hataki kujua kinaishia wapi. Na sisi tayari tumeumwa na huyo nyoka. Madaraka Express ilipoanza 2017 tulipiga picha hadi simu zikajaa. Treni ni nzuri, mimi huipanda. Lakini Mombasa inakuacha Miritini, na Miritini si mjini, na huko Nairobi inaanzia Syokimau, ambayo pia si mjini. Ukifika, safari ya pili inaanza na matatu. Oktoba 2019 wakazindua kipande cha kwenda Naivasha, kama dola bilioni moja na nusu, kikaishia nyikani kule Suswa tukiambiwa Kisumu inakuja. Expressway ikafunguliwa 2022, na mwenye gari na pesa ya tozo anafika eapoti haraka kweli. Chini yake, Mombasa Road, mwenye matatu anaangalia kivuli cha mwenye gari.

Na treni ya eapoti? Simama nje ya stesheni ya Syokimau, ile iliyofunguliwa 2012, uangalie ndege zikishuka. Ziko hapo. Unaona rangi ya mkia. Miaka yote hiyo, na hakuna behewa linalokufikisha mlangoni mwa JKIA. Hapo hatuhitaji sumaku. Tunahitaji kilomita chache za reli ya kawaida kabisa, dizeli ikibidi, na ratiba inayoheshimika.

Nina rafiki anafanya usafi pale eapoti. Simtaji jina, anataka kazi yake. Anaishi Pipeline, na ndege zinapita juu ya nyumba yao mpaka wamezoea kunyamaza katikati ya sentensi na kuendelea zikishapita. Kwa mstari ulionyooka anaishi karibu na kazi. Shifti ya asubuhi anaamka saa tisa usiku. Anangoja wenzake kwa geti ili wasitembee kila mtu peke yake, kwa sababu saa hiyo simu huenda. Boda, matatu, kisha pale kwa ukaguzi wanashuka wote na kumalizia hatua za mwisho kwa miguu. Mvua ikinyesha nauli inapanda, na hakuna anayemrudishia. Aliniambia nauli inakula karibu robo ya mshahara. Nilimuuliza angetaka treni inayokimbia namna gani. Akacheka. Akasema, "Inayokuja."

Mkiongea kuhusu eapoti mnafikiria msafiri na begi la magurudumu. Eapoti ni watu wanaoenda huko kila siku na hawapandi ndege. Septemba 2024 wafanyakazi walipogoma kwa sababu ya ule mpango wa kuikabidhi JKIA kwa Adani, mliona wenyewe: ndege zikakwama, abiria wakalala juu ya mizigo. Miezi miwili baadaye mpango ukafutwa. Hao ndio wanaifanya itembee, na hao ndio hakuna aliyewahi kuwachorea reli ikachimbwa. Shanghai mwosha vyombo wa eapoti ana Laini ya 2. Kwangu mimi hicho ndicho kitu cha kuonea wivu, na ninakionea wivu sana.

Najua mtaniambia nini. "Wacha watu waote." Oteni. Lakini ndoto ya kuota Kenya yote ikiwa ndani ya dakika nane ni ndoto ya mtalii. "China nao walianza na moja." Shanghai walianza na moja na wakaishia na hiyo moja, si nimewaeleza? "Wewe unapenda kukatisha tamaa." Hapana, mwenye kukatisha tamaa ni yule anayemwambia mtoto wa miaka kumi na saba kwamba nchi yake ni takataka kwa sababu haina kitu ambacho Munich waliangalia bei wakakataa. Huyo mtoto anaenda kulala akiamini shida ni damu yake. Shida ni bajeti, ardhi, na nani anaulizwa kabla reli haijachorwa. Hivyo ni vitu vya kupigania. Damu utaipigania vipi?

Kwa wenzangu wa kamera. Mimi najua hiyo video inalipa, nyote mnajua. Ninayo kwa simu yangu, sekunde arobaini, Anti akiruka pale treni inapopita, na ingefika mbali kuliko hii post ndefu ambayo nusu yenu mmeshaikimbia. Sijawazuia kuposti. Lakini mkienda, msizime kamera Longyang Road. Shukeni ngazi, ingieni metro, muonyeshe yule mama amebeba mboga, wanafunzi wamelala wamesimama, bei kwenye mashine. Muulize hiyo tutaipata lini. Hapo nitawashea mimi mwenyewe.

Alhamisi ijayo natoka Pipeline na rafiki yangu saa tisa na nusu usiku, simu ikiwa mfukoni mpaka pawe salama kuitoa. Nitapima kila kitu: dakika, shilingi, hatua za miguu. Kama kuna mtu anafanya kazi JKIA na anatoka Mlolongo, Utawala, Donholm ama Kitengela, niandikie nauli yako ya kwenda na kurudi na saa unayotoka nyumbani. Jina sihitaji.